Shahada ya Uzamili Ujerumani: Ada Hakuna, Gharama Zipo

Wazazi na wahitimu wa kata zetu huulizana mara kwa mara iwapo ni kweli kwamba mtu aweza kusoma shahada ya uzamili Ulaya pasipo kulipa ada. Jibu ni ndiyo, ila lina mipaka yake, na mipaka hiyo yafaa ijulikane kabla shamba la familia halijapata mnunuzi.

Nchi zilizosifika kwa elimu ya bure zimepungua. Denmark ilianza kuwatoza ada wanafunzi watokao nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017 na Norwei 2023. Ujerumani imebaki: vyuo vikuu vyake vingi vya umma havitozi ada kwa uzamili unaofuata moja kwa moja shahada ya kwanza. Programu zilizoandaliwa kwa ajili ya watu walio kazini hutozwa ada, na vyuo binafsi vivyo hivyo. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Kwingineko mwanafunzi hulipa mchango wa muhula tu, ambao kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 350, na mara nyingi ndani yake mna nauli ya usafiri wa umma.

Mzigo wenyewe uko kwenye viza. Ubalozi hutaka uthibitisho kwamba mwombaji ataweza kujikimu kwa mwaka mzima. Njia iliyozoeleka ni kufungua akaunti maalumu na kuweka humo euro 11,904, kwa kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mwanafunzi akifika huruhusiwa kuchukua euro 992 kila mwezi, basi. Ieleweke kwamba fedha hizo si za chuo wala si za serikali ya Ujerumani. Ni zake mwenyewe, za pango, chakula na bima ya afya, ambayo ni ya lazima. Lakini uzamili huchukua aghalabu miaka miwili, na kibali cha ukaazi kinapohuishwa uthibitisho huulizwa tena. Sheria humruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au siku 280 za nusu. Kibarua hicho husaidia mwaka wa pili. Hakiwezi kujaza akaunti kabla ya safari.

Asiye na kiasi hicho ana njia mbili nyingine. Moja ni ufadhili: DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, lina ufadhili wa uzamili kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Kwa mwalimu au bwana shamba aliye kazini, hii ndiyo njia ya kujaribu kwanza. Nyingine ni ndugu aishiye Ujerumani kutia saini tamko rasmi mbele ya mamlaka za huko kwamba atabeba gharama.

Neno kuhusu mawakala. Maombi hutumwa na mwombaji mwenyewe kwa mtandao, ama chuoni moja kwa moja ama kupitia uni-assist, ambako ombi la kwanza ni euro 75 na kila linaloongezwa muhula huohuo ni euro 30. Mtu akikudai mamilioni ya “ada ya chuo” kwa chuo cha umma kisichotoza ada, mwombe jina la chuo na la programu, kisha usome mwenyewe katika tovuti ya chuo hicho kabla ya kutoa hata shilingi.

Muhula mkuu huanza Oktoba. Vyuo vingi hufunga maombi Julai 15, ila programu zifundishwazo kwa Kiingereza mara nyingi hufunga miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo transkripti, cheti cha kuzaliwa cha RITA, nakala zilizothibitishwa na wakili, na pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, vitafutwe mwaka unaotangulia. Miadi ya viza nayo iombwe mara barua ya kukubaliwa inapofika, kwa kuwa foleni yake haingoji akaunti ijae.