Mboga za Majani Siku ya Nane Nane

Tarehe 8 Agosti, siku ya wakulima, tunapika pilau na nyama. Mchicha tunauacha bustanini, eti ni chakula cha shida. Hapo tunakosea. Mchicha, matembele na majani ya maboga ni mboga zenye madini ya chuma, yanayoongeza damu. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu yuko hatarini siku ya kujifungua.

Tupikeje?
1. Tuoshe kwanza, ndipo tukate, vitamini zisipotee.
2. Tupike kwa muda mfupi.
3. Tukamulie ndimu. Chai tunywe baadaye.
4. Kisamvu kibichi kina sumu. Tukitwange, kisha tukichemshe sana bila kufunika.

Maswali
Kwa nini tunaosha kabla ya kukata? Kisamvu kinapikwaje?