Umande wa Usiku na Ugonjwa wa Uwele

Wasomaji wengi wa gazeti letu wametoka katika nyumba zinazolima uwele. Bila shaka wameona shambani shina ambalo badala ya suke la punje hutoa kishada cha vijani vidogo. Huku Chemba, tangu Mrijo hadi Farkwa, wako wasemao kuwa mvua ilizidi, na wengine husema mbegu imechoka. Huo ni ugonjwa, nao huitwa ubwiri vinyoya.

Kiumbe kiuletacho hufanana na kuvu, lakini si kuvu hasa. Wataalamu wamegundua kuwa ukoo wake u karibu zaidi na mwani kuliko kuvu, na tabia zake zinaonyesha hivyo, maana hawezi kazi yake bila maji. Usiku hewa ikijaa unyevu, na joto likiwa kama nyuzi 20 za Sentigredi au zaidi kidogo, huchipua vinyoya vyeupe upande wa chini wa jani. Juu yake huota vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Upepo huvichukua, na vikitua juu ya jani lenye umande hupasuka. Ndani yake hutoka viini vyenye vijimkia, navyo huogelea (ndiyo, huogelea katika tone la umande!) mpaka vipate mahali pa kupenya. Yote hayo yaweza kwisha kabla jua halijapanda. Jani likikauka, vifuko vilivyobaki hufa upesi, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba mno.

Sasa mtu atauliza: Dodoma ni nchi kavu, ipatayo mvua ya milimita 500 au 600 hivi kwa mwaka, yawaje ugonjwa wa maji ukae kwetu? Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi hupotea. Cha kuhesabu si wingi wa mvua, bali ni saa ambazo jani limekaa likiwa limelowa. Mvua kubwa ya alasiri ikifuatwa na upepo na jua haina hatari kama manyunyu ya siku tatu, na mawingu yakawiayo hadi saa nne asubuhi. Hali hiyo ikija Desemba au Januari humkuta uwele ungali mchanga, na mche mchanga ndio ushikwao kirahisi, kisha ugonjwa huenea mwili mzima. Wala kiangazi hakiumalizi. Katika majani yaliyougua hubaki viini vya namna nyingine, vyenye ganda nene, vinavyokaa udongoni miaka kadhaa.

Tumbaku nayo ina ugonjwa wa ukoo huu, uitwao ukungu wa buluu. Ulionekana Uingereza mwaka 1958, na katika miaka michache tu ukawa umeenea sehemu kubwa ya Ulaya, ukichukuliwa na upepo na kusaidiwa na siku za ubaridi na mawingu. Huko India, mwaka 1971, ubwiri vinyoya uliharibu vibaya uwele wa chotara.

Mwenye kutaka kuuona aende shambani alfajiri, atafute jani ambalo sehemu ya karibu na shina imegeuka njano huku ncha ingali kijani, kisha aligeuze. Akienda saa sita mchana huenda asione kitu.

Msimu uliopita nyumbani tulibishana juu ya kung'oa. Bibi alikataa. "Mjukuu wangu," alisema, "mmea wa kijani haung'olewi." Nami sikumshangaa, maana mwezi wa Februari chakula huwa kidogo ghalani na kila shina lina hesabu yake. Lakini shina lenye kishada cha majani haliwezi tena kutoa punje, nalo huwapa jirani zake ugonjwa kila usiku wenye umande. Mwishowe mama aliamua yang'olewe na kuchomwa. Bibi hakusema neno, ila aliyahesabu: yalikuwa kumi na saba. Mbegu tumechagua upande mwingine wa shamba, na pale yalipong'olewa tutapanda ufuta.