Mkono Mdogo, Bastola Ipi?

Wadogo zangu mlioko Marekani, swali hili mmeniletea mara nyingi: "Dada, viganja vyangu vidogo, ninunue bastola gani?" Najua linakotoka. Wengi wenu mnaishi peke yenu, mnafanya kazi za usiku hospitalini na kwenye nyumba za wazee, na mnapotoka maegesho hayana mtu. Simlaumu anayeuliza. Ila kabla hatujafika kwenye mkono, tuanze na karatasi zako.

Kama uko huku kwa visa ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kuwa na bunduki au risasi. Misamaha ni michache, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Usidhani katazo hilo haligusi bunduki ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha, au ile ya rafiki uliyoishika mpige picha tu. Hiyo nayo inaweza kukuharibia makazi yako yote. Muulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, lakini majimbo hayafanani. Texas, tangu Septemba 2021, watu wengi wenye miaka 21 na zaidi wanaweza kubeba bastola bila kibali. New York unahitaji leseni hata ya kuiweka nyumbani. Usichukue ushauri wa shoga yako wa Houston ukaupeleka Bronx.

Sasa mkono. Dukani utaambiwa, na mume au kaka atakuambia vilevile, kwamba mwanamke mwenye mkono mdogo apewe kabastola kadogo. Mimi nakataa. Bastola ndogo ni nyepesi, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyokupiga teke zaidi kwa risasi ileile. Chukua mfano wa ile revolva ya Smith & Wesson 642, ambayo wauzaji wanapenda kuwapa wanawake. Inabeba risasi 5 na ina uzito wa gramu 410 hivi, lakini kifyatulio chake kinataka uvute kwa nguvu ya kilo 5 na ushee, zaidi ya mara kumi ya uzito wa bastola yenyewe. Kidole chembamba kinavuta, kinatetemeka, mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Wanaoimudu vizuri ni watu wenye mazoezi ya muda mrefu. Kumpa anayeanza ni kumtia woga wa silaha aliyoinunua imlinde.

Kinachopaswa kukutosha ni umbali kati ya mgongo wa mpini na kifyatulio. Mwombe muuzaji afungue slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, akuonyeshe kwamba chemba ni tupu, kisha uangalie mwenyewe kwa macho yako. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Ingiza mpini juu kabisa kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono wako wa mbele. Sasa, kwa ruhusa ya muuzaji, peleka kidole kwenye kifyatulio. Ile nyama ya ncha ya kidole ikikaa katikati yake bila wewe kuuzungusha mpini, bastola hiyo inakufaa. Ukilazimika kuisogeza ili kidole kifike, mgongo wa mpini utahamia kwenye kifundo cha dole gumba, na hapo kila risasi itaumiza na kwenda pembeni. Irudishe, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Jaribu pia kama dole gumba linafikia kitufe cha kutolea magazini. Halafu kukoki, yaani kuivuta slaidi nyuma. Hapa ndipo wengi mnakata tamaa, mkidhani hamna nguvu, na mara nyingi kilichokosekana ni namna tu. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukitazama mbele, usigeukie watu. Shika slaidi kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole, kisha mkono ulioshika mpini usukume mbele huku mwingine ukivuta nyuma. Ukishindwa hata hivyo, kwa mfano una baridi yabisi, ziko zilizotengenezwa zikokike kirahisi. Smith & Wesson walitoa Shield EZ mwaka 2018, na Walther wakatoa PDP ya mfululizo wa F mwaka 2022, ambayo mpini wake, umbali wa kifyatulio na wepesi wa slaidi vilipangwa kwa kufuata mikono ya wanawake. Kwa maoni yangu anayeanza aishike hiyo ya Walther kabla ya nyingine. Glock 43X ya mwaka 2019 nayo ina mpini mwembamba lakini mrefu, kidole cha mwisho hakining'inii hewani. SIG P365 ni nzuri kuficha, ila ufupi wake utausikia kwenye teke.

Kuhusu risasi, chukua 9mm na usitishwe na anayekuambia ni ya kitoto. Baada ya maofisa wa FBI kupigana kwa risasi na majambazi huko Miami Aprili 1986, shirika hilo walitafuta risasi nzito wakaangukia 10mm. Bastola yake ilikuwa kubwa na kali, na maofisa wenye mikono midogo walihangaika nayo. Wakapita kwenye .40, na mwaka 2016 wakaingia mkataba na Glock wa bastola za 9mm. Risasi inayokuwezesha kulenga na kurudia kulenga ndiyo yenye faida kwako.

Na nyumbani je? Kama kuna mtoto, au mtu mwenye msongo mzito wa mawazo, au mwenzi anayekupiga, nakusihi ufikirie upya. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Mkoba na droo ya kitanda si mahali pa kuhifadhi silaha. Sefu inunuliwe siku ileile ya bastola, na bei yake uihesabu tangu mwanzo. Usipoimudu, bastola nayo isubiri.

Basi fanya hivi, mdogo wangu, ukishajua karatasi zako ziko sawa. Tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, mchukue mwalimu, ikiwezekana mwanamke, vaa kinga za masikio na macho, upige tatu au nne tofauti. Atakayekuja nawe akae nyuma asikuchagulie. Usinunue siku hiyo. Rudi nyumbani, usikilize kiganja chako kesho yake, ndipo uamue.