Kasha la Kompyuta: La Kutazamwa au la Kunyamaza?

Mteja akiniuliza anunue kasha gani la kompyuta (wengi hapa kwetu huliita CPU, na siwasahihishi), mimi humuuliza kwanza mashine itakaa chumba gani na itafanya kazi gani. Ukumbi wa michezo ya video pale Migori mjini unataka taa, kioo na rangi, maana kijana anayepita barabarani huingia kwa kuvutiwa na anachokiona. Mashine ikinguruma, nani atasikia? Ndani watu wanagombana kuhusu penalti, nje pikipiki hazikomi. Studio ndogo ya kurekodi ohangla au nyimbo za kwaya Homa Bay ni jambo jingine kabisa. Pale feni ikivuma kidogo tu, maikrofoni huunasa mvumo huo na kuuweka chini ya sauti ya mwimbaji, nao hautoki bila kuikwangua sauti yenyewe.

Kasha lenyewe halipigi kelele. Wanaopiga ni feni na hadi diski. Kasha huamua tu kama feni itatembea au itakimbia. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu husikia mshuko wa desibeli 10 kama kelele iliyopungua kwa nusu. Ukiongeza feni ya pili inayofanana nayo, unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili za polepole hupitisha hewa ileile ya feni moja inayokimbia, na zinakuwa kimya kuliko hiyo moja kwa desibeli kama 12. Ndiyo sababu sinunui kasha lisilo na nafasi ya feni za milimita 120 au 140 upande wa mbele. Zile ndogo za 80 hulazimika kukimbia ili zifanye kazi, na mlio wao ni mkali, wa kutoboa masikio.

Hapo ndipo makasha yenye kioo upande wa mbele yanaponikera. Yanapendeza kwenye picha, lakini hewa inaingilia kwenye upenyo mwembamba pembeni, feni inahangaika, prosesa inapata joto, kisha kila kitu kinaongeza kasi. Makasha ya kimya yaliyofungwa kwa sponji, kama yale ya Fractal Design ya Uswidi na be quiet! ya Ujerumani, ni kazi nzuri sana, ila yametokea nchi za baridi. Mengi hupimwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Homa Bay mchana chumba kikifika nyuzi 30, nyuzi hizo kumi za ziada zinaingia moja kwa moja ndani ya kasha, na feni zinakimbia kuzifidia. Sponji hupunguza mlio mwembamba, ni kweli, lakini huziba pia njia ya joto. Kwa joto letu, kasha lenye wavu mbele na feni kubwa za polepole hunyamaza kuliko lile lililoandikwa kwamba ni la kimya.

Halafu kuna wadudu wa ziwa. Aliyekaa Homa Bay, Mbita au Karungu anawajua: wanaibuka majini kama moshi, hasa karibu na siku za mwezi kuandama, na usiku hufuata mwanga wowote wanaouona. Kuna watu kando ya ziwa hili wanaowakusanya na kuwafinyanga wakawa kitoweo. Mimi huwakuta wamejazana kwenye mapezi ya kupozea prosesa, wamekauka na kushikamana na vumbi. Sasa fikiria kasha la kioo lenye feni za rangi saba, linawaka saa mbili usiku, dirisha wazi, ziwa likiwa hatua chache tu. Umewapa taa ya kuwaita na feni ya kuwavuta ndani.

Dawa yake ni ya bei ya chini. Nunua kipande cha wavu wa mbu wa madirishani, kikate kwa ukubwa wa uso wa kasha, kisha tembelea fundi wa friji umwombe mpira wa mlango uliotupwa. Ndani ya mpira huo kuna ukanda wa sumaku. Ubandike kuzunguka wavu, nao utashika kwenye bati na kubanduka kila unapotaka kuuosha. Kwa vumbi laini la barabara za murramu, lile jekundu la kuelekea Macalder, tandaza soksi ya nailoni juu ya wavu, lakini ujue inapunguza hewa, hivyo iondoe na kuifua mara kwa mara. Feni zinazoingiza hewa kupitia chujio ziwe na nguvu kuliko zinazotoa. Hapo hewa itasukumwa nje kupitia kila upenyo, badala ya vumbi kunyonywa ndani.

Wengi wetu hatuanzi na kasha jipya. Tunaanza na mtumba wa ofisi kutoka Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na mashine hizi zina ukaidi wake. Mara nyingi pawa saplai na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo usinunue kasha zuri kabla ya kuhakikisha bodi itakaa ndani yake na adapta zinapatikana. Ukichomoa feni ya kiwandani, nyingi hulalamika kila unapowasha na kukungojea ubonyeze kitufe. Mara nyingi ni nafuu kulitoboa kasha lilelile ili feni kubwa ipate nafasi.

Kutoboa mpelekee fundi wa jua kali mwenye grinda, lakini kwanza ondoa kila kitu ndani, hata nyaya. Chembe za chuma zikibaki kwenye bodi zitaunguza kitu siku utakapowasha. Mchoree duara la feni ya milimita 120. Matundu ya skrubu zake yanaachana kwa milimita 105. Mwambie pia akate lile bati la vitundu vidogo vya kiwandani nyuma ya feni, kwani hewa hupiga mluzi ikipita pale. Weka kikingio cha waya badala yake. Kati ya feni na bati weka vipande vya tyubu ya baiskeli, na vingine chini ya miguu ya kasha, maana meza ya mbao hugeuka ngoma. Hadi diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutikisika mara 120 kwa sekunde, na huo ndio mvumo mzito unaousikia usiku. Ukiweza, weka SSD badala yake, mvumo huo uishe kabisa.

Urembo hauhitaji maelezo marefu. Rangi ya gari ya kupuliza, baada ya kupiga msasa, hukaa vizuri. Dirisha la akriliki ubavuni linatosha. Utepe wa taa wa volti 12 unaunganishwa kwenye waya wa manjano na mweusi wa plagi ya pini nne ya pawa saplai. Na siku ya kusafisha, kupuliza vumbi kwa kompresa ya petroli stesheni sikushauri: hewa yake huwa na maji na mafuta.

Basi, kama uko Migori mjini, Rongo au Awendo na unavutia wateja, weka kioo ubavuni, lakini mbele pabaki wavu. Kama uko kando ya ziwa, chagua kasha lenye wavu na feni kubwa, usilipe hata shilingi kwa ajili ya taa, na kama tayari unazo, zizime kabla ya kufungua dirisha jioni.