Simu ya daktari usiku, na bahari katikati

Barua nyingi nilizoletewa mwezi huu kutoka visiwa vya Lamu zina lalamiko moja. Mgonjwa amezidiwa, zahanati imefungwa tangu jioni, mtu anapiga namba ya ushauri wa afya, anasubiri, anaulizwa maswali, kisha anaambiwa aende hospitali iliyo karibu. Kwa aliye Kizingitini au Kiwayuu, hospitali ya rufaa iko ng'ambo ya maji. Nimefanya zamu za usiku visiwani humu kama muuguzi, na lalamiko hili nalijua kutoka pande zote mbili za simu.

Assalaam alaykum Sista. Mwanangu wa miezi minane alibanwa na kifua usiku. Nilipiga simu, salio likaenda kwa kuulizwa jina, umri, kaunti na barabara iliyo karibu. Barabara gani huku kwetu? Mwisho nikaambiwa nimpeleke hospitali. Mbona wasiniambie mapema? — Mama, Kizingitini

Waalaykum salaam, mwanangu. Una haki ya kukasirika. Ila nikueleze kinachofanyika upande wa pili. Anayepokea simu hamwoni mtoto, hamgusi, hasikii kifua. Ana orodha ya maswali mbele yake, na ya kwanza yanatafuta yale yanayoua kwa dakika chache: anapumua? Anatokwa na damu? Ana fahamu? Akibaki na shaka yoyote, kanuni inamtaka akutume hospitali. Hata Uingereza walikoanzisha namba 111 mwaka 2013, watu walilalamika kwa kusubiri muda mrefu na kutumwa hospitali bila sababu kubwa. Tofauti ni kwamba yule wa London akiambiwa nenda, anaita teksi.

Unachoweza kubadilisha ni maneno yako ya kwanza. Usingoje kuulizwa. Sema: "Niko kisiwa cha Pate, kijiji cha Kizingitini, Lamu Mashariki, hatuna barabara ya kufika hospitali ya rufaa, tunasafiri kwa boti. Mtoto ana miezi minane na pumzi zake ni kadhaa kwa dakika." Hiyo hesabu ya pumzi ina thamani kuliko maelezo yote. Mfunue kifua, mtulize, asiwe analia wala kunyonya. Weka saa ya simu mbele yako, utazame tumbo linavyopanda. Kila likipanda ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona pia nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, mtoto huyo aonwe na mhudumu usiku huo huo.

Kuna hali nyingine ambazo hazihitaji ushauri kabisa: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hazinduki. Hapo simu yako ya kwanza iwe ya kutafuta chombo.

Namba ni nyingi mpaka tunachanganyikiwa. Tupige ipi? — Mzazi, Lamu mjini

999 na 112 ni za dharura na hazitozi kitu, lakini hufika kwa polisi. Anayepokea si mtu wa tiba, kwa hiyo mwombe usafiri na msaada, usimwombe dawa. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nayo ni bure. 1195 ni ya waliodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto walio hatarini. Wengi wetu tulizoea kuipigia simu Wizara ya Afya mwaka 2020 kupitia 719, wakati wa korona. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Safaricom ilianzisha Daktari 1525, ambapo ulizungumza na daktari ukitozwa kwa dakika. Huduma za namna hii huanza, hubadilika na hufungwa. Namba ya kulipia uliyoihifadhi miaka mitatu iliyopita ipigie mchana, ujue kama bado inapokelewa. 999 usiipigie kwa kujaribu.

Sista, mimi ni nahodha, Faza. Napigiwa saa nane za usiku nibebe mgonjwa. Maji yakiwa yametoka, siwezi kung'oa nanga. Maji yakiwepo, sina petroli. Na nikitoka nachelea kusimamishwa na askari wa doria. Hao wa kwenye simu kwa nini hawanipigii mimi? — Nahodha, Faza

Nahodha wangu, laiti kila anayepanga huduma za afya za kaunti hii angeisoma barua yako.

Simu ya ushauri inashughulika na mwili wa mgonjwa peke yake. Hakuna swali hata moja kwenye orodha yake linalouliza kama maji yamejaa au yamekupwa. Nasi tunajua kwamba Siyu na Pate hufikiwa kwa kufuata maji, na yakitoka boti hukaa kwenye matope ya mikoko hadi yarudi. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, wazee wameupita vizazi na vizazi kwa kuhesabu maji. Kusi nayo ikivuma, anayetoka Kiwayuu au Kiunga anakutana na bahari ambayo si kila chombo kinaiweza. Mgonjwa anaweza kupewa ushauri sahihi kabisa saa saba za usiku na bado asiweze kuondoka hadi saa kumi na moja.

Juu ya hayo kuna ulinzi. Tangu watalii walipotekwa Kiwayuu na Manda mwaka 2011, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, bahari yetu ya usiku imekuwa ya kuulizwa maswali. Kafyu iliwekwa, na wavuvi walizuiwa kuvua usiku kwa miaka. Kwa hiyo kabla hujawasha injini, kipigie kituo cha polisi na umpigie chifu. Taja jina lako, jina na rangi ya boti, idadi ya waliomo, gati unalotoka na unalokwenda. Kisha piga hospitali unakokwenda, wajue mgonjwa anakuja na wawe na watu na machela kwenye gati. Nimeona mama aliyevuka salama akikaa gatini gizani kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba anakuja, na muda aliopotezewa pale ulikuwa wa thamani kuliko ule wa baharini.

Petroli ndiyo donda lenyewe. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini kwa vitendo matibabu hayo yanaanzia mlangoni mwa hospitali, na ukoo unachangishana kwa M-Pesa usiku wa manane ili kuufikia mlango.

Jirani zetu wa Tanzania wamelipatia dawa. Katika mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mjamzito, mzazi au kichanga akipata dharura, inapigwa 115 bila malipo. Anayepokea anapima hali, na kama ambulensi haipo karibu, anampigia dereva wa kijijini aliyekwisha kusajiliwa. Penye maji, anampigia mwenye boti. Nauli inalipwa na mpango kwa pesa za simu. Familia haichangishwi. Umeuliza kwa nini hawakupigii wewe. Hakuna sababu ya kitabibu. Ni kwamba hapa kwetu bado hakuna aliyekuandika kwenye orodha.

Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nampigia nani akishikwa usiku? — Mume, Siyu

Usingoje usiku huo. Wiki hii kaa na mhudumu wa zahanati yenu na nahodha mmoja, mkubaliane bei na njia ya malipo, na uweke akiba ya petroli mahali salama mbali na moto. Kama kliniki imekwambia mimba ni ya hatari, kwa mfano mapacha, presha, au aliwahi kupasuliwa, mhamishie kwa jamaa Lamu mjini wiki kadhaa kabla ya tarehe. Damu, kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu, degedege, chupa kupasuka, homa kali, au mtoto kuacha kucheza: lolote kati ya haya ni safari, saa yoyote.

Duka la dawa jirani hunihudumia hata usiku. Si bora kuliko simu? — Msomaji, Mtaa wa Langoni

Mwenye duka anakuona, na hilo ni kubwa. Lakini mwulize anakupa nini. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, na wataalamu waliopima damu baadaye walikadiria kuwa takriban robo tatu ya watu wa mjini waliambukizwa. Homa na viungo kuuma vinaweza kuwa chikungunya, vinaweza kuwa dengi. Mpaka dengi iondolewe, tumia paracetamol kwa kipimo chake. Aspirin, ibuprofen na diclofenac zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Hata ushauri wa simu ukikwambia "kunywa dawa ya maumivu", uliza ni ipi, kwa jina.

Kwa kuhara kwa mtoto, ORS na zinki. Soma pakiti ya ORS inataka maji kiasi gani, kwa sababu zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na kuchanganya vibaya kunadhuru. Zinki inatolewa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshika.

Sisi huku wadi ya Basuba hata mtandao wa simu ni wa kubahatisha. — Mkazi wa kijiji cha Boni

Kwenu, namba yoyote ya simu ni ahadi tupu mpaka mlingoti usimame, na hilo mmelisema miaka mingi. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa vifaa na serikali kuanzia Septemba 2023 ndio walio karibu nanyi. Jueni nyumba ya aliye kwenu na alivyo navyo mkobani. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na kina Umra Omar hapa Lamu, limekuwa likifika vijiji vya pwani na vya Boni kwa zamu. Hiyo ni huduma ya mchana na ya tarehe maalumu, na usiku wenu bado haujashughulikiwa na yeyote.

Niko Dubai kikazi. Mama yangu yuko Matondoni, ana presha na sukari. Dada zangu hunipigia mimi kwanza, nami napiga Kenya. — Mwana wa Matondoni

Mwanangu, mapenzi yako hayana shaka, lakini mzunguko huo unachelewesha. Namba fupi kama 999 na 1199 ukizipiga kutoka ng'ambo hazifiki Kenya. Na anayetakiwa kuzungumza ni aliyekaa kando ya mgonjwa, anayeweza kumwambia "nyoosha mikono yote miwili" na kuona mmoja unaanguka. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakiburugika, wao wapige hapo hapo na waandike saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza. Wewe fanya mawili: tuma nauli ya boti ikae tayari, na waambie wapige picha dawa zake zote, ikae kwenye simu ya kila mmoja wao.

Sista mwenzangu, mimi ni muuguzi wa zahanati kisiwani. Watu hawapigi namba za Nairobi, wananipigia mimi. Saa sita, saa tisa, nikiwa likizo, nikiwa mgonjwa. Nisipopokea naambiwa nina kiburi. Nifanyeje? — Muuguzi

Wewe ndiwe namba ya usiku ya kisiwa chako, dada yangu, na hakuna karatasi ya kaunti inayosema hivyo. Hulipwi kwa simu hizo. Hakuna rekodi ya ulichoshauri, kwa hiyo likitokea baya huna cha kukutetea. Siku ukihamishwa, kijiji kinabaki bila sikio.

Wanakupigia kwa sababu wewe unajua maji ya leo, unajua mtoto yule aliwahi kuwa na degedege, unajua nahodha gani yuko macho. Mpokea simu wa mbali hawezi kuyajua hayo hata akiwa hodari vipi. Basi kazi hiyo ipewe jina, zamu na malipo. Namba moja ya kaunti, bure, inayopokelewa usiku kucha na wauguzi wa Lamu kwa zamu, wakiwa na orodha ya manahodha, jedwali la maji ambalo Mamlaka ya Bandari hulitoa kila mwaka, njia ya kuzungumza na askari wa doria, na fungu la petroli. Malawi walianza na wilaya moja tu, Balaka, mwaka 2011, kwa simu iliyowahudumia wajawazito na watoto, na leo huduma hiyo, Chipatala cha pa Foni, ni ya nchi nzima chini ya wizara. Lamu si ndogo mno kwa jambo hili. Kwa sasa andika daftari: saa, aliyepiga, dalili, ulichosema. Litakulinda, na litakuwa ushahidi wa kazi unayoifanya.

Na nyinyi wengine mlioandika: makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Nendeni kwenye mikutano hiyo, Faza, Kizingitini, Siyu, Kiunga, Lamu mjini, na mmwulize mwakilishi wenu wa wadi swali moja: fungu la boti na petroli ya wagonjwa wa usiku liko ukurasa gani? Asipowaonyesha, mwambieni aliandike.