Ushuru wa Marehemu Kwanza, Mgao Baadaye

Matanga yakishavunjwa, swali linalowaka nyumbani ni nani atapata shamba lipi. Habari ya ushuru haiguswi. Wengi husema Kenya haina kodi ya mirathi, na ni kweli, ilifutwa mwaka 1982. Lakini ushuru aliodaiwa marehemu akiwa hai haukuzikwa naye. Kodi ya mapato ya nyumba alizopangisha bila kutangaza, faida ya duka, ritani alizoacha kujaza, yote hayo ni deni la mali yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka madeni yalipwe kabla ya warithi kugawana. Waislamu wanaokwenda kwa Kadhi wanaujua utaratibu huo: mazishi, madeni, wasia, ndipo warithi.

Mzigo huu humwangukia msimamizi wa mirathi, mara nyingi mjane au kifungua mimba. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamfanya mwakilishi wa marehemu mbele ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Ushuru wenyewe hutoka kwenye mali ya marehemu, hautoki mfukoni mwa msimamizi. Ila ukiwagawia ndugu zako pesa ambazo zingeweza kulipa ushuru, na ushuru ukabaki, KRA inaweza kukudai wewe binafsi. Kaka aliyekwisha kununua pikipiki kwa fungu lake hatakurudishia, na hati ya usimamizi ina jina lako. Nawasihi wasimamizi: msikubali kusukumwa na ndugu wenye haraka, hata wakiwaita wachoyo.

Kabla hujapata hati ya usimamizi kortini, usiguse kitu. Kuuza ng'ombe wa marehemu au kujichukulia kodi ya wapangaji wake bila idhini ni kosa. Faini inafika shilingi 10,000, kifungo mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ukishaipata, nenda KRA na hati hiyo, cheti cha kifo na nambari ya PIN ya marehemu. Omba taarifa ya anachodaiwa, kisha jaza ritani zote zilizobaki hadi siku aliyofariki. Kila ritani ya mwaka iliyochelewa ina adhabu ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kutegemea ipi ni kubwa. Deni lenyewe huongezewa riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ndiyo maana kungoja kunaumiza.

Kodi ya nyumba ndiyo huzifumania familia nyingi. Mwenye kupokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, kiwango kilichoanza Januari 2024. Miaka ya nyuma hupigiwa hesabu kwa viwango vya wakati huo. Na wapangaji hawaachi kulipa kwa sababu mwenye nyumba amekufa. Pesa zinazoingia baada ya kifo ni mapato ya mirathi, nayo hutozwa ushuru. Zitengee akaunti yake, usizichanganye na za kwako.

Kwa kawaida korti haithibitishi mgao mpaka miezi sita ipite tangu hati kutolewa. Usiilalamikie miezi hiyo. Ndiyo nafasi yako ya kumalizana na KRA, na pia kulipa ada za ardhi za kaunti na za serikali kuu, kwa sababu bila vyeti vyake shamba halihamishwi.

Mrithi akihamishiwa fungu lake na msimamizi, hatozwi ushuru wa faida ya mtaji. Mkilazimika kuuza kiwanja ili kulipa madeni, uuzaji huo nao husamehewa, mradi ukamilike ndani ya miaka miwili tangu kifo. Kama kulikuwa na kesi juu ya mirathi, miaka miwili huhesabiwa tangu kesi ilipoisha. Muda huo ukipita, asilimia 15 ya faida inaweza kudaiwa. Ukiona unayoyoma na mnunuzi hajamaliza kulipa, mwandikie Kamishna wa Ushuru kuomba nyongeza, na uhakikishe anakujibu kwa maandishi.