Tamaa Ifungayo Milango

Tamaa mbele, mauti nyuma. Katika Mwanzo 39, mke wa Potifari alimtamani Yosefu mtumwa. Alipokataliwa, alimsingizia hata akatiwa gerezani. Kisa hiki kimo pia katika Kurani, na washairi wa pwani yetu wamekitungia utenzi. Mwaka 1488, mjini Herat, Bihzad alikichora: ngazi nyingi, milango yote imefungwa, kijana akikimbia.

Tusiseme mwanamke ni mbaya kwa maumbile. Daudi naye alimtamani mke wa Uria, akamwulia mumewe. Tamaa huangamiza pale mwenye nguvu amtakapo asiye na mtetezi.

Hapa Moshi na mitelemkoni mwa Kilimanjaro, mtumishi wa nyumbani mara nyingi yu mbali na wazazi wake. Akilalamika, tumsikilize kabla ya kumhukumu.